Julai Mosi, Siku Isiyo na Sherehe

Wajerumani wana tarehe tatu za kuwakumbusha jinsi nchi zao mbili zilivyorudi kuwa moja. Ya kwanza dunia nzima inaijua: usiku wa 9 Novemba 1989, Ukuta wa Berlin ulipofunguka na vijana wakaupanda wakishangilia. Ya pili ni 3 Oktoba 1990, siku Ujerumani Mashariki ilipokoma kisheria, na ndiyo sikukuu ya taifa hadi leo. Ya tatu inakaa kati ya hizo mbili, na haina mapumziko, haina hotuba, haina shada la maua. Ni Jumapili ya 1 Julai 1990, siku marki ya Magharibi ilipoanza kutumika Mashariki.

Anayetaka kuelewa kwa nini kumbukumbu ya muungano ule inazua ubishi hata sasa, zaidi ya miaka 35 baadaye, afadhali aanze na hii ya tatu. Ukuta unaeleza furaha. Oktoba inaeleza sheria. Julai ndiyo inayoeleza kwa nini mzee wa Leipzig na mwanawe wanaweza kukaa meza moja, wakakubaliana kwamba udikteta ulistahili kuanguka, kisha wakagombana kuhusu kila kitu kilichofuata.

Habari ya Ukuta imesimuliwa sana, kwa hiyo tuipitie upesi. Ulianza kujengwa 13 Agosti 1961 kwa sababu watu walikuwa wakiondoka. Tangu 1949 zaidi ya milioni mbili na nusu walikuwa wamehamia Magharibi, wengi wao vijana, madaktari na mafundi. Ulizunguka Berlin Magharibi kwa takriban kilomita 155, na watafiti wameorodhesha watu wasiopungua 140 waliopoteza maisha kwa sababu yake. Jioni ya 9 Novemba msemaji wa chama tawala, Günter Schabowski, aliingia kwenye mkutano na waandishi wa habari akiwa na karatasi ya kanuni mpya za usafiri, bila kuelezwa vizuri kwamba zilipangwa kuanza kesho yake. Alipoulizwa zinaanza lini, akapekua karatasi zake, akajibu kwamba kwa kadiri anavyofahamu ni papo hapo. Televisheni ya Magharibi, ambayo Wamashariki wengi waliitazama kila usiku, ikaitangaza habari hiyo, na watu wakamiminika mipakani. Kwenye kituo cha Bornholmer Straße ofisa wa zamu, Harald Jäger, aliwapigia simu wakubwa wake asipate amri iliyonyooka. Karibu saa tano na nusu usiku akafungua lango.

Saa ile ilikuwa ya ajali, lakini sababu zilikuwa zimeiva zamani. Hungary ilishafungua mpaka wake na Austria mwezi Septemba. Tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, na vikosi vilivyokuwa vimewekwa tayari havikufyatua risasi. Gorbachev, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti, aliwaacha askari wake kambini. Na mwishoni mwa Oktoba, mkuu wa tume ya mipango ya serikali ya Mashariki yenyewe, Gerhard Schürer, aliwapelekea viongozi wa juu wa chama ripoti ya siri isemayo kwamba nchi inaishi kwa mikopo, na kwamba kuzuia tu madeni yasizidi kupanda kungelazimu kushusha maisha ya wananchi kwa asilimia 25 hadi 30. Ripoti hii tuiweke kando, tutaihitaji mbele. Walioandamana hawakuijua, lakini inaonyesha kwamba ghala lilikuwa karibu tupu kabla mnunuzi yeyote wa Magharibi hajavuka mpaka.

Kwa nini basi Novemba 9 haikufanywa sikukuu ya taifa? Kwa sababu tarehe hiyo kwa Wajerumani ina mizigo. Ndiyo siku jamhuri ilipotangazwa Berlin mwaka 1918, ndiyo siku jaribio la Hitler la kupindua serikali lilipozimwa Munich mwaka 1923, na ndiyo usiku wa mwaka 1938 ambapo masinagogi yalichomwa na Wayahudi kushambuliwa nchi nzima. Huwezi kufyatua fataki juu ya tarehe kama hiyo bila kumwumiza mtu. Ikachukuliwa Oktoba 3, ambayo ilitokana na ratiba ya kidiplomasia: Marekani, Umoja wa Kisovyeti, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimetia saini mkataba wa mwisho huko Moscow tarehe 12 Septemba, nchi nyingine za Ulaya zilipaswa kuarifiwa mwanzoni mwa Oktoba, na hakukuwa na hamu ya kuiacha Ujerumani Mashariki ifikie tarehe 7 Oktoba, isherehekee miaka 41 ya kuzaliwa. Ni siku ya makarani, na huwa inasherehekewa kwa namna hiyo: hotuba, ibada, vibanda vya soseji, kila mwaka katika jimbo tofauti.

Ndani ya tarehe hiyo ya makarani kuna uamuzi mmoja mzito. Sheria ya Msingi ya Ujerumani Magharibi iliacha njia mbili. Ibara ya 146 ilitazamia katiba mpya itakayoamuliwa kwa hiari na Wajerumani wote. Ibara ya 23 iliruhusu sehemu nyingine za Ujerumani kujiunga tu na mfumo uliopo. Ilichukuliwa ya pili kwa kuwa ilikuwa ya haraka, na haraka ilikuwa na sababu zake, maana nani angejua Gorbachev atadumu madarakani hadi lini? Majimbo matano yakaingia: Brandenburg, Mecklenburg-Vorpommern, Saxony, Saxony-Anhalt na Thuringia, pamoja na Berlin Mashariki. Watu wapatao milioni 16 wakaamka ndani ya nchi yenye sheria mpya za kazi, za nyumba, za shule, za bima na za urithi. Huko Magharibi, watani husema, kitu kikubwa kilichobadilika ni namba za posta.

Dola iliyotoweka kwa kura ya bunge lake yenyewe ilikuwa imehangaika miongo miwili kutambuliwa duniani, na hangaiko hilo lilifika hadi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki. Miezi mitatu baadaye ukaja Muungano na Tanganyika, iliyokuwa na uhusiano mzuri na Ujerumani Magharibi, na Bonn, mji mkuu wa Magharibi, ilikuwa na msimamo kwamba anayeitambua Mashariki hawezi kuwa rafiki yake. Nyerere akaruhusu konseli kuu ya Mashariki mjini Dar es Salaam bila kutoa utambuzi kamili. Mwanzoni mwa 1965 Bonn ikakata msaada wa kijeshi, naye akajibu kwamba kama msaada unakuja na masharti ya kuchaguliwa marafiki, wabaki nao wote. Upande wa pili Mashariki ikajenga: majumba ya ghorofa ya Kilimani, na mwanzo wa yale marefu ya Michenzani. Wanaoishi humo leo wana mlango, ngazi na baraza vilivyopangwa na wataalamu wa dola isiyokuwapo tena kwenye ramani.

Sasa turudi kwenye Julai.

Katika majira ya baridi ya 1990 watu wapatao 2,000 kwa siku walikuwa wakihama kutoka Mashariki kwenda Magharibi. Hakukuwa na ukuta tena wa kuwazuia, na hakuna serikali iliyotaka kuurudisha. Kwenye maandamano yakaonekana mabango yenye ujumbe uliokuwa nusu utani na nusu onyo: marki ya Magharibi ikija tutabaki, isipokuja tutaifuata. Uchaguzi huru wa 18 Machi 1990, ambapo zaidi ya asilimia 93 ya wapiga kura walijitokeza, uliwapa ushindi wale walioahidi njia ya haraka, wakiungwa mkono na Kansela wa Magharibi, Helmut Kohl. Wapinzani wa zamani wa utawala, wale waliokuwa wamefungwa na kupelelezwa na kusimama mbele ya makanisa na mishumaa, walipata kura chache mno. Hilo nalo liliwauma, na baadhi yao lingali linawauma.

Swali likawa: marki moja ya Mashariki itabadilishwa kwa marki ngapi za Magharibi? Viwanda vya Mashariki vilipouza bidhaa Magharibi, gharama za ndani za kupata marki moja ya Magharibi zilikuwa marki nne na zaidi za Mashariki. Kwa hesabu hiyo ya soko, kubadilisha moja kwa moja kulikuwa ndoto. Benki kuu ya Magharibi, Bundesbank, ilipendekeza mbili kwa moja, hata kwa mishahara. Wafanyakazi wa Mashariki wakapiga hesabu, wakaona mshahara wao, ambao tayari ulikuwa mdogo, ungebaki nusu huku bei zikielekea za Magharibi, wakaingia barabarani. Kohl akakubali. Mishahara na pensheni vikabadilishwa moja kwa moja. Akiba pia, hadi marki 2,000 kwa mtoto, 4,000 kwa mtu mzima na 6,000 kwa waliofikisha miaka 60. Kilichozidi, pamoja na madeni ya makampuni, kikabadilishwa mbili kwa moja.

Usiku wa kuamkia Julai mosi, tawi la benki huko Alexanderplatz, Berlin Mashariki, lilifungua milango saa sita kamili. Watu walisukumana hadi vioo vikavunjika. Takriban marki bilioni 25 taslimu zilikuwa zimesafirishwa kwa malori. Noti za zamani zilikuja kuzikwa katika mahandaki karibu na Halberstadt kwa matumaini kwamba zitaoza, lakini hazikuoza. Wezi wakaingia na kuzitoa za kuwauzia wakusanyaji, na mwaka 2002 ikabidi zifukuliwe zichomwe moto. Kohl aliwaambia Wamashariki kwenye televisheni siku hiyo kwamba majimbo yao yatachanua karibuni. Jumatatu asubuhi rafu za maduka zilikuwa zimejaa mtindi, kahawa, ndizi na sabuni kutoka Magharibi. Bidhaa za kwao zilikuwa zimeondolewa, au zimesukumwa pembeni.

Tuifuate Jumatatu hiyo ndani ya kiwanda, maana hapo ndipo kumbukumbu zinapogawanyika. Chukulia kiwanda kilichokuwa kikilipa mishahara kwa marki za Mashariki na kuuza bidhaa zake Poland, Czechoslovakia na Umoja wa Kisovyeti. Kuanzia Julai mosi kinalipa tarakimu ileile ya mshahara, lakini kwa sarafu inayothaminiwa sokoni mara nne zaidi. Mteja wa Warsaw au Kyiv, ambaye hana marki za Magharibi, hawezi tena kununua. Mteja wa nyumbani, ambaye amesubiri miaka mingi kuonja vitu vya Magharibi, hataki tena kununua. Deni la kiwanda kwa benki ya serikali, ambalo zamani lilikuwa maandishi tu ya mpango wa uchumi, sasa ni deni la kweli lenye riba ya kweli. Gharama zimepanda, wateja wa nje wamekatika, wateja wa ndani wamehama, na yote hayo yametokea mwishoni mwa wiki moja. Nchi yoyote nyingine iliyotoka kwenye ujamaa ilikuwa na sarafu yake ya kuishusha thamani ili bidhaa zake ziwe rahisi. Poland ilifanya hivyo. Wamashariki hawakuwa na kitu cha kushusha.

Juu ya hayo mishahara ikapandishwa tena, kwa mikataba iliyolenga kuifikisha ya Magharibi ndani ya miaka michache. Vyama vya wafanyakazi na waajiri wa Magharibi waliokuwa na sauti kubwa mezani hawakutaka ushindani wa nguvukazi ya bei nafuu mlangoni mwao. Mfanyakazi wa Mashariki alipenda mshahara huo, nani angeukataa? Lakini ulikuwa mshahara wa kazi iliyokuwa ikitoweka. Ndani ya miaka miwili uzalishaji wa viwanda ulikuwa umeanguka hadi chini ya nusu, na mwanzoni mwa 1992 walioandikishwa kama wasio na kazi walipita milioni moja katika nchi ambayo ukosefu wa kazi haukuwa hata na ofisi ya kuuandikisha. Rais wa Bundesbank, Karl Otto Pöhl, alitamka hadharani Machi 1991 kwamba matokeo yalikuwa maafa. Miezi michache baadaye aliacha kazi.

Je, Kohl alikosea? Wachumi wengi wanasema ndiyo, na kwenye karatasi hoja yao ina nguvu. Mimi naona walisahau kuwaweka watu kwenye hesabu. Kama marki isingekuja kwa kiwango ambacho mtu angeweza kuishi nacho, watu wangeendelea kuondoka, na kiwanda kisicho na mafundi nacho hufungwa. Kosa lake kubwa lilikuwa kuahidi kwamba hakuna atakayekuwa na hali mbaya kuliko zamani. Gharama iliyotangazwa mapema watu huibeba kama mzigo wa pamoja. Gharama iliyofichwa humpata mtu nyumbani kwake, peke yake, akidhani ni uzembe wake.

Viwanda vyote hivi, zaidi ya 8,000 vyenye wafanyakazi wapatao milioni nne, viliwekwa mikononi mwa shirika moja lililoitwa Treuhandanstalt. Kazi yake ilikuwa kubinafsisha, kukarabati au kufunga. Msomaji wa Tanzania aliyeishi miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipokuwa yakipangwa foleni kuuzwa, anaijua harufu ya kazi hiyo, ila aizidishe mara nyingi na kuifupisha iwe miaka minne. Mkuu wake, Detlev Rohwedder, alikadiria mwanzoni kwamba mali ile ina thamani ya marki bilioni 600. Aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Düsseldorf tarehe 1 Aprili 1991, na kundi la kigaidi la mrengo wa kushoto likadai kuhusika. Shirika lilipofunga milango mwishoni mwa 1994 hakukuwa na faida. Kulikuwa na hasara ya zaidi ya marki bilioni 250. Mali iliyouzwa ilikwenda kwa kiasi kikubwa kabisa kwa Wajerumani wa Magharibi, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na mtaji. Wamashariki wenyewe walipata takriban asilimia tano. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Safari hii mwenyeji alisubiri kupona akaona fanicha zinatolewa nje.

Hapa ndipo ile ripoti ya Schürer inapohitajika, maana kuna simulizi linalopendwa Mashariki kwamba viwanda vizima vilivyostawi viliuawa na wageni wenye wivu. Vingi havikustawi. Trabant, gari lao la kusubiriwa miaka zaidi ya kumi, lilikuwa na injini ya mipigo miwili na mwili wa plastiki ngumu, na lilipotoka la mwisho Zwickau tarehe 30 Aprili 1991 hakuna mnunuzi aliyelia. Mitambo mingi ilikuwa ya tangu kabla ya vita, na mito ilikuwa na rangi ya kemikali. Lakini simulizi la upande wa pili, kwamba kila kitu kilikuwa chuma chakavu, nalo si kweli, na kuna friji moja ya kulithibitisha.

Huko Scharfenstein, katika milima ya Saxony, kulikuwa na kiwanda cha friji na kompresa kilichowahi kuuzia karibu nchi nzima. Mwaka 1992 Treuhand ilikuwa njiani kukifunga. Wakati huo dunia ilikuwa imekubaliana kuachana na gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na makampuni makubwa ya Magharibi yalijiandaa kutumia mbadala ambao haukutoboa ozoni lakini uliongeza joto la dunia vibaya sana. Wataalamu wawili wa taasisi ya usafi wa mazingira ya Dortmund walikuwa wameonyesha kwamba mchanganyiko wa propani na butani, jamaa wa gesi ya kupikia, unaweza kupoza friji vizuri. Shirika la Greenpeace likatafuta wa kuitengeneza friji hiyo, na waliokubali ni wale wa Scharfenstein, ambao hawakuwa na cha kupoteza. Wakaagizwa friji kumi za majaribio. Zilipofanya kazi, kiwanda kikazitangaza mbele ya waandishi wa habari huku maofisa wa Treuhand wakijaribu kuzuia. Maagizo yakaja kwa makumi ya maelfu. Makampuni ya Magharibi yakawaandikia wenye maduka kuwaonya kwamba chombo hicho ni hatari, kinaweza kulipuka. Kufikia 1994 makampuni hayohayo yalikuwa yakitengeneza friji za aina hiyo.

Kiwanda, ambacho sasa kiliitwa Foron, kilifilisika mwaka 1996. Hakikuwa na mtaji wa kupambana na waliokuwa wamekinakili, na teknolojia yenyewe ilikuwa imeachwa wazi kwa makusudi ili yeyote aitumie. Leo gesi za jamii hiyo zimo katika mamia ya mamilioni ya friji. Ukigeuza friji mpya nyumbani Mwanza au Mombasa ukakuta imeandikwa R600a, huo ndio uzao wa Scharfenstein. Mtu aliyefanya kazi pale akisikia hotuba ya Oktoba 3 kuhusu ujasiri wa Wamashariki wa kuangusha udikteta, hupiga makofi. Akisikia kwamba hawakuwa na chochote cha kuleta kwenye muungano, anajua si kweli. Aliwahi kukishika kwa mikono yake.

Wapo pia ambao kumbukumbu rasmi haiwaweki upande wowote. Ujerumani Mashariki ilikuwa na wafanyakazi wa mkataba kutoka nje wapatao 90,000, wengi wao Wavietnamu, na Wamsumbiji kama 15,000. Viwanda vilipoanza kupunguza watu, walianza na hao. Wengi walirudishwa kwao mwaka 1990 wakiwa na fidia ndogo na tiketi. Wamsumbiji walikuwa wamekatwa sehemu kubwa ya mishahara yao kwa ahadi kwamba itawasubiri nyumbani, kumbe fedha hizo zilitumika kulipia madeni ya nchi yao kwa Ujerumani Mashariki. Wanaitwa Madgermanes, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiandamana katika mitaa ya Maputo, baadhi wakiwa na bendera ya nchi iliyokufa. Waliobaki Ujerumani walikutana na hasira ya mitaani. Mwangola Amadeu Antonio Kiowa alipigwa na genge la vijana mjini Eberswalde Novemba 1990, wiki chache tu baada ya sherehe za muungano, akafariki Desemba. Agosti 1992 huko Rostock jengo lililokuwa na Wavietnamu lilichomwa huku umati ukishangilia. Nimeona majumba ya makumbusho yakisimulia miaka ile kana kwamba hadithi ilikuwa ya Wajerumani wawili tu, wa Mashariki na wa Magharibi.

Kumbukumbu yenyewe nayo imebadilika na majira. Miaka ya 1990 Mashariki ilisimuliwa hasa kupitia faili za polisi wa siri, Stasi, zilizofunguliwa kwa wananchi Januari 1992, kilomita zaidi ya mia moja za makaratasi. Ilikuwa lazima, kwa kuwa mtu ana haki ya kujua ni jirani yupi aliyemwandika. Lakini ilifanya maisha yote ya kule yaonekane kuwa ama ya mpelelezi ama ya mpelelezwa. Baadaye yakaja mapenzi ya vitu vya zamani, matango ya Spreewald na kofia ya yule mtu mdogo wa taa za kuvukia barabara, na mwaka 2003 filamu ya Good Bye, Lenin! ikafanya dunia icheke kwa upole. Haya Magharibi iliyapokea vizuri, maana tango halimdai mtu chochote.

Kilichochelewa ni mazungumzo kuhusu Julai. Hata Angela Merkel, aliyekulia Mashariki na kuwa kansela kwa miaka 16, aliligusa suala hilo kwa nadra. Aliligusa kwa uwazi mwishoni, kwenye sherehe za Oktoba 3 mwaka 2021 mjini Halle, alipotaja andiko lililochapishwa na taasisi ya karibu na chama chake, lililosema alikuja na mzigo wa maisha yake ya Mashariki. Mtu aliyeongoza nchi miaka yote hiyo bado alikuwa na mzigo! Bunge la Ujerumani lilipitisha mwaka 2007 kujenga mnara wa uhuru na umoja katikati ya Berlin. Miaka 35 ya kuanguka kwa Ukuta, Novemba 2024, ilipita ukiwa haujazinduliwa.

Ramani ya kura nayo ina sura ya mpaka wa zamani. Katika uchaguzi wa Februari 2025 chama cha mrengo mkali wa kulia, AfD, kiliongoza katika majimbo yote matano ya Mashariki. Maelezo ya haraka ni kwamba hao ni watu waliozoea udikteta wasiojua demokrasia. Nina shaka nayo. Waliozoea zaidi wangekuwa wazee, waliokaa chini ya utawala ule miaka 40 yote. Lakini katika chaguzi za majimbo za 2024 huko Thuringia na Brandenburg, wenye miaka 70 na kuendelea ndio waliokipa chama hicho kura chache kuliko rika lolote.

Kwa wazee hao Julai mosi ilikuwa siku ya pensheni. Malipo yao yalibadilishwa moja kwa moja, yakapandishwa, na wanawake wa Mashariki, ambao karibu wote walikuwa wameajiriwa maisha yao yote, walijikuta na haki za uzeeni ambazo wenzao wengi wa Magharibi waliobaki nyumbani kulea hawakuwa nazo. Waliokuwa na miaka 40 au 50 walikuwa na habari nyingine: walikuwa wazee mno kujifunza kazi upya na vijana mno kustaafu. Watoto wao walikulia kwenye nyumba ambamo baba alishinda sebuleni, wenzao wakubwa wakihamia Bavaria na Hamburg mmoja mmoja, na idadi ya watoto wanaozaliwa Mashariki ikaanguka kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka mitano. Watoto hao hawana kumbukumbu ya Ukuta. Wana kumbukumbu ya shule iliyofungwa kwa kukosa wanafunzi, na leo wana umri wa karibu miaka 40, wanalipa kodi ya nyumba kwa mwenye jengo anayeishi Stuttgart, na hawana cha kurithi.

Viwango vya pensheni vya Mashariki na Magharibi vililinganishwa kikamilifu Julai 2023, miaka 33 baada ya marki kufika. Mishahara bado.